Saratani ya Titi: Majibu Matatu Yanayomwonyesha Daktari Njia

Ikiwa uko jikoni, endelea na kazi yako lakini tega sikio. Ikiwa kuna kalamu na daftari la mtoto hapo karibu, vichukue, kwa sababu leo kuna maswali machache nitakayokuomba uyaandike.

Nianze na kisa kimoja. Miaka michache iliyopita, mama mmoja aliingia katika kliniki niliyokuwa nikihudumu, uso umejaa tabasamu. Alikuwa ametolewa kipande cha nyama kwenye donge la titi na majibu yalikuwa yamerudi zamani. Akaniambia, "Sista, Mungu ni mkubwa. Nilipimwa mara tatu na zote ni negative." Alikuwa ameiweka ile karatasi kabatini kwa miezi mitatu, akijua ameponea.

Nilipoifungua, moyo wangu ulishtuka. Juu kabisa iliandikwa kwamba ni saratani ya titi. Chini yake kulikuwa na mistari mitatu, na kila mstari uliishia kwa neno hilo alilolifurahia. Aliyempa karatasi hakumweleza. Mama naye alisoma neno analolijua kutoka kipimo cha virusi vya Ukimwi, ambapo neno hilo ni habari njema.

Mpenzi msikilizaji, mada yetu ya leo ni ile mistari mitatu. Inapima nini? Kwa nini daktari hawezi kuchagua dawa vizuri bila kuiona? Na wewe mama au mlezi ufanye nini ili majibu hayo yawe ya kweli na yafike mikononi mwa daktari?

Saratani ya titi si ugonjwa mmoja

Saratani ya titi huwapata wanawake wengi hapa Kenya kuliko saratani nyingine yoyote. Kwa mwaka wa 2020, makadirio yalionyesha wagonjwa wapya zaidi ya 6,000 nchini na vifo zaidi ya 3,000. Huenda unamjua mmoja wao. Huenda pia umeona kwamba wanawake wawili waliougua wakati mmoja hawakufuata njia moja. Mmoja alipewa sindano na dripu, mwingine akapewa vidonge vya kumeza kwa miaka. Mmoja alirudi shambani, mwingine ugonjwa ukarudi upesi. Watu husema, "Huyu alilogwa," au "Yule alikuwa na pesa."

Pesa zina nafasi yake, na kwenda hospitali mapema kuna nafasi kubwa zaidi. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haionekani kwa macho. Madonge ya saratani hufanana kwa nje, lakini ndani hayafanani. Yanatofautiana kwa protini zilizo kwenye seli zake.

Ukisikia protini usifikirie maharagwe na mayai peke yake. Mwili wako umejengwa kwa protini za aina nyingi, na kila seli, yaani kila kichembe kidogo cha mwili, hutengeneza protini zake za kufanyia kazi. Nyingine ni kama kufuli za mlango, nyingine kama masikio ya kusikia amri. Seli ya saratani nayo ina protini zake. Daktari akijua ni zipi, anaweza kukadiria donge hilo litakimbia au litatembea, na ni dawa gani italikamata.

Kukadiria huku si kupiga ramli. Mkulima akitazama udongo na mbegu hukadiria mavuno, lakini bado palizi na mvua vina kauli. Hali kadhalika, majibu haya humwambia daktari ugonjwa unaelekea wapi usipotibiwa, na ni wapi pa kuuzuia.

Kufuli mbili za homoni

Mistari miwili ya kwanza huandikwa ER na PR. Hizi ni protini zinazopokea homoni za kike. ER hupokea estrojeni, PR hupokea projesteroni. Tuziite kufuli. Homoni ni ufunguo. Ufunguo ukiingia kwenye kufuli, seli hupata amri ya kukua na kugawanyika.

Jambo hili lilianza kujulikana zamani. Mwaka wa 1896 daktari mmoja wa Glasgow, George Beatson, aliandika kwamba baadhi ya wanawake wenye saratani ya titi walipata nafuu alipowaondoa ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi. Wengine hawakupata nafuu, na hakuna aliyejua kwa nini. Ilichukua zaidi ya nusu karne hadi mtafiti Elwood Jensen na wenzake huko Chicago walipoonyesha kwamba siri iko kwenye kufuli. Donge lenye kufuli za estrojeni hutegemea homoni ili likue. Lisilo na kufuli halijali homoni, kwa hiyo kuziondoa hakumsaidii mgonjwa.

Hapo ndipo inapoingia dawa iitwayo tamoksifeni. Unajua mtoto mtundu anavyotia kijiti ndani ya kufuli, ufunguo ukakataa kuingia? Tamoksifeni hufanya hivyo hivyo. Hukaa ndani ya kufuli ya estrojeni, na homoni ikija hukuta mahali pamejaa. Ni kidonge, humezwa mara moja kwa siku, nyumbani. Kwa mgonjwa ambaye donge lake lina kufuli hizo, kukimeza kwa miaka mitano hupunguza hatari ya kufa kwa saratani hiyo kwa karibu theluthi moja. Baadhi ya wagonjwa huongezewa hadi miaka kumi. Waliokwisha koma hedhi huweza kupewa vidonge vya aina nyingine vinavyopunguza estrojeni yenyewe.

Lakini kama donge halina kufuli, tamoksifeni haina pa kukaa. Utaimeza miaka mitano ukidhani unatibiwa, kumbe humezi dawa ya ugonjwa wako. Ndiyo maana tunasema usimeze vidonge vya jirani hata kama ugonjwa wenu una jina moja.

Saratani yenye kufuli za homoni mara nyingi hukua polepole, na matarajio yake ni mazuri zaidi. Lakini ina ujanja wake. Inaweza kunyamaza miaka mingi kisha ikarudi, hata baada ya miaka kumi. Kwa hiyo mama asiache kidonge kwa sababu anajisikia mzima. Joto la ghafla mwilini na kutokwa jasho usiku huwasumbua wengi wanaomeza tamoksifeni. Mwambie muuguzi, usiache dawa kimya kimya. Ukiona mguu mmoja umevimba na unauma, au kifua kinabana ghafla, au unatokwa na damu ukeni baada ya hedhi kukoma, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe mama ambaye bado unazaa, sikia hili. Usishike mimba wala usinyonyeshe ukiwa kwenye tamoksifeni, maana inaweza kumdhuru mtoto. Usitumie sindano, vidonge wala vipandikizi vya homoni vya kupanga uzazi. Omba njia isiyo na homoni, kama koili ya shaba au kondomu.

Sikio linalosikia amri kupita kiasi

Mstari wa tatu huandikwa HER2. Kila seli ya titi ina protini hii kidogo. Kazi yake ni kama sikio, kusikia amri ya kukua. Lakini kwenye madonge mengine, seli hutengeneza HER2 nyingi mno. Ni kama redio iliyofunguliwa sauti hadi mwisho usiku kucha: amri ni moja tu, kua, kua, kua. Donge kama hilo hukua upesi na hupenda kusambaa. Kati ya wagonjwa kumi wa saratani ya titi, mmoja au wawili huwa na aina hii.

Mwaka wa 1987, Dennis Slamon na wenzake huko Marekani walichunguza madonge ya wanawake 189. Waliona kwamba wale ambao seli zao zilikuwa na nakala nyingi za kinachotengeneza HER2 walirudiwa na ugonjwa mapema na kufariki mapema. Wakati huo kuwa na HER2 nyingi ilikuwa habari mbaya tupu. Lakini utafiti haukuishia hapo. Ilitengenezwa dawa inayoishika protini hiyo, iitwayo trastuzumabu, nayo ikaidhinishwa Marekani mwaka wa 1998. Mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Leo mgonjwa mwenye HER2 nyingi akipata dawa hii mapema, matumaini yake ni tofauti kabisa na ya mgonjwa wa mwaka wa 1987. Umeona, mpenzi msikilizaji? Protini ile ile iliyotabiri mabaya ndiyo iliyogeuka kuwa mahali pa kuushika ugonjwa.

Dawa hii ni ya gharama kubwa, sitakuficha. Ndiyo maana ni lazima kupima kwanza, ili isinunuliwe kwa mtu isiyemfaa na isikose kumfikia anayeihitaji. Hakikisha umejiandikisha na SHA, na uulize katika ofisi ya hospitali ni nini kinacholipiwa. Usiuze ng'ombe kabla ya kuuliza.

Mistari yote mitatu ikisema haipo

Sasa turudi kwa yule mama wa karatasi ya kabatini. Kwenye karatasi hii, "positive" maana yake ni kwamba protini ipo, na "negative" maana yake ni kwamba protini haipo, au kwa HER2, haijazidi. Neno hilo halisemi kwamba saratani haipo. Saratani imekwisha kuandikwa pale juu.

Donge lisilo na kufuli zote mbili wala HER2 nyingi mara nyingi ndilo lenye haraka kuliko mengine. Tamoksifeni hailigusi, na trastuzumabu hailigusi. Silaha kubwa ni upasuaji, dawa za saratani za kutiwa kwenye mshipa ambazo wengi mnaziita kimo, na mara nyingi miale. Likirudi, kwa kawaida hurudi katika miaka michache ya mwanzo. Miaka hiyo ikipita salama, hatari hushuka sana. Kwa hiyo mgonjwa huyu hana miezi mitatu ya kupoteza, na hafai kukatiza kimo katikati kwa sababu nywele zimeanguka. Nywele huota.

Yule mama tulimpeleka kwa daktari wa saratani wiki hiyo hiyo. Donge lilikuwa limefika kwapani. Alilia, mume wake akalia, kisha wakaanza matibabu. Alimaliza dozi zote. Hadi nilipohamishwa kutoka kituo kile, alikuwa bado anakuja kliniki kwa miguu yake mwenyewe. Lakini ile miezi mitatu ilimgharimu, na ilipotea kwa neno moja tu lisiloelezwa.

Hapa Kenya tuwe waangalifu na dhana nyingine. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba saratani ya titi ya wanawake Waafrika karibu yote ni ya aina hii isiyo na protini hizo. Utafiti wa wagonjwa wa hospitali mbalimbali za Kenya uliochapishwa mwaka wa 2014 ulionyesha picha nyingine. Zaidi ya wagonjwa 7 kati ya 10 walikuwa na kufuli za estrojeni, na mmoja hivi kati ya watano hakuwa na protini yoyote kati ya hizo tatu. Hiyo ni idadi kubwa ya aina ngumu, lakini pia maana yake ni kwamba wengi wetu tunaweza kusaidiwa na kidonge. Hakuna anayepaswa kukisia kwa kutazama rangi ya mgonjwa. Apimwe.

Kipande kinavyopimwa, na kinavyoharibika

Kipimo hiki hakifanywi kwa damu. Daktari hutumia sindano maalumu kutoa vipande vidogo vya donge baada ya kukufisha ganzi. Wengine huogopa wakisema saratani ikiguswa husambaa. Mama, sindano hiyo haisambazi saratani. Kinachoipa nafasi ya kusambaa ni kukaa nayo nyumbani.

Kipande hutiwa mara moja kwenye dawa iitwayo formalini, ambayo huzuia nyama isioze. Maabara hukigandisha ndani ya nta, hukikata vipande vyembamba sana na kukipaka dawa inayotafuta protini moja tu. Protini ikiwepo, rangi ya kahawia hutokea. Mtaalamu hutazama kwa hadubini na kuhesabu. Kwa ER na PR huandika asilimia ya seli zilizopata rangi. Hata 1% tu huhesabiwa kuwa ipo. Kwa HER2 huandika 0, 1+, 2+ au 3+. Namba 0 na 1+ huhesabiwa kuwa haijazidi, 3+ imezidi, na 2+ bado haijulikani hadi kipimo kingine kifanywe. Ukiona 2+, usikubali mambo yaishie hapo. Kwenye karatasi nyingine utaona pia Ki-67, protini inayoonyesha ni seli ngapi ziko mbioni kugawanyika. Asilimia ikiwa kubwa, donge lina kasi.

Sasa sikiliza, mlezi, hasa wewe unayetumwa kupeleka kipande maabara. Protini hizi huharibika. Kipande kikikaa bila formalini ya kutosha, kufuli huoza, na majibu hurudi yakisema hazipo ilhali zilikuwepo. Nimewahi kuona kipande kilichosafirishwa kwa matatu ndani ya chupa ya maji ya chumvi tangu Ijumaa hadi Jumatatu. Ilibidi mgonjwa achomwe tena. Yeye alikuwa na bahati, kwa kuwa mtaalamu aligundua. Kama asingegundua, mama yule angeandikiwa kwamba hana kufuli, na angenyimwa kidonge ambacho kingemwokoa.

Kwa hiyo, kabla hujaondoka na chupa, uliza: "Hii ni formalini?" Kipande kinapaswa kutiwa humo ndani ya saa moja baada ya kutolewa, na kisikae humo zaidi ya siku tatu kabla ya maabara kuanza kukishughulikia. Hakikisha chupa ina jina kamili, tarehe na saa. Usiifungue, usiimimine, usiiweke kwenye friza. Ipeleke siku hiyo hiyo. Usipitie sokoni wala kulala kwa shangazi.

Na jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kile kibonge cha nta hutunzwa maabara. Ukihamia hospitali nyingine, au daktari akiwa na shaka, kinaweza kuombwa na kupimwa upya bila kumchoma mgonjwa tena.

Maswali ya kuandika kwenye daftari

Chukua kalamu sasa. Siku ya majibu nenda na mtu mnayeaminiana, awe mume, dada au binti, kwa maana masikio ya mgonjwa huziba akisikia neno saratani. Kisha muulizeni daktari:

1. Je, ER, PR na HER2 zimepimwa zote tatu?
2. ER na PR ni asilimia ngapi? HER2 ni namba gani, na kama ni 2+, kipimo kinachofuata kitafanywa lini?
3. Donge ni la ukubwa gani, na limefika kwapani au sehemu nyingine?
4. Kwa majibu haya, ni dawa gani zinanifaa, na ni zipi hazinifai?
5. Matibabu yataanza lini, yatachukua muda gani, na SHA italipia nini?

Swali la tatu usiliruke, kwa sababu protini hazisemi kila kitu. Donge dogo lililokamatwa mapema, hata likiwa la aina ya haraka, lina matumaini kuliko donge la polepole lililoachwa hadi likatoboa ngozi. Omba nakala ya ripoti na uiweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Kumbuka, mama: donge jipya kwenye titi au kwapani, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla au inayotoa damu, hayo yote hayangoji. Hata kama haliumi, nenda kituo cha afya kilicho karibu, au mwambie mhudumu wa afya wa kijijini kwenu. Madonge mengi si saratani, lakini huwezi kujua kwa kupapasa.

Na wewe uliye na karatasi ndani ya kabati, au ndani ya Biblia, au chini ya godoro, ambayo hakuna aliyekueleza: kesho asubuhi itoe. Ipeleke kliniki na umwambie muuguzi, "Sista, nisomee mstari kwa mstari." Ni haki yako, na ni kazi yetu.

Ukikutana na jirani au wenzako wa chama, waambie ulichosikia leo. Hadi wiki ijayo wakati kama huu, kaa salama na uwatunze walio nyumbani. Kwaheri.